Kurudia Maneno katika Maandiko ya Kale ya Waebrania

Wasikilizaji na wasomaji wetu, leo twataka kuzungumza nanyi habari za jambo ambalo wengi huliona katika maandiko ya kale ya Waebrania, na wakiisha kuliona huchoka nalo. Maandiko hayo hurudia maneno. Habari iliyokwisha kusemwa husemwa tena. Amri iliyotolewa hutajwa upya inapotimizwa. Shairi husema jambo, kisha hulisema mara ya pili. Msomaji kijana hujiuliza, Je, waandishi hawa hawakujua kufupisha? Sisi twataka kuonyesha ya kuwa walijua sana, na ya kuwa mtu arukaye marudio yao huacha nyuma kiini cha habari.

Tuanze na jambo tulilolishuhudia. Jioni moja, katika kijiji kisicho mbali na Bariadi, pamba ikiwa imekwisha kuchumwa na watu wana nafasi ya kuketi, kijana mmoja wa shule aliombwa awasomee wazee kisa cha jinsi Isaka alivyotafutiwa mke. Kisa hicho kimo katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 24, sura yenye aya 67, nayo ndiyo ndefu kuliko zote za kitabu hicho. Kijana alisoma vizuri. Ibrahimu akamtuma mtumishi wake mzee aende katika nchi ya jamaa zake. Mtumishi akafika kisimani na ngamia kumi. Binti Rebeka akatoka na mtungi wake, akamnywesha mgeni na ngamia wake wote. Hata alipofika mahali ambapo mtumishi ameketi nyumbani kwa kina Rebeka na kuanza kueleza safari yake tangu mwanzo, kijana akasema, "Hapa anarudia yale yale." Akaruka aya kama kumi na tano, akaendelea na jibu la wenye mji.

Bibi kizee mmoja akamkatiza. "Mjukuu wangu, mshenga alisema nini mbele ya wakwe?"

"Alisema yale yale, bibi."

"Soma tusikie. Mshenga hasemi yale yale kamwe."

Kijana akarudi nyuma akasoma, na wote tukaona ya kuwa bibi alikuwa na haki. Hapo kwanza, kisimani, mtumishi alitoa pete na bangili za dhahabu ngamia walipokwisha kunywa, ndipo akamwuliza binti ni mtoto wa nani. Lakini mbele ya wazazi alisema kwamba aliuliza ukoo kwanza, kisha ndipo akamvika mapambo. Kwa nini aligeuza? Fikirini wenyewe: ni mzazi gani atakayefurahi kusikia kwamba mgeni alimtolea binti yake dhahabu kabla ya kujua ni wa nyumba ipi? Tena, Ibrahimu alikuwa amemwonya mara mbili asimrudishe Isaka katika nchi ile. Onyo hilo mtumishi hakulitaja hata kidogo, maana lingewaudhi wenye nchi. Badala yake alianza kwa kuhesabu kondoo, ng'ombe, fedha na dhahabu za bwana wake, na kusema kwamba vyote hivyo amepewa Isaka.

Mwandishi hakutuambia mahali po pote ya kuwa mtumishi huyu alikuwa mwenye busara na ulimi mwepesi. Aliziweka habari mbili kando kando, akamwachia msikilizaji kazi ya kuzilinganisha. Hii ndiyo kanuni ya kwanza tutakayo mwishike: habari ikirudiwa, iweke ya pili karibu na ya kwanza, utazame kilichoongezwa, kilichopunguzwa na kilichogeuzwa. Mara nyingi maana imekaa katika tofauti hiyo ndogo.

Kanuni hii hufanya kazi hata katika visa vifupi. Mtoto Samweli anaitwa usiku. Mara tatu anaamka na kumkimbilia kuhani Eli, akidhani ni yeye aliyeita, na mara tatu maneno ni karibu yale yale. Mara ya nne hakimbii tena, bali anajibu papo hapo alipolala. Msikilizaji aliyekwisha kuzoea mwendo wa mara tatu hushituka mwendo ukivunjika, naye hujua, bila kuambiwa, kwamba mtoto amevuka kizingiti. Mtu akiufupisha mwendo ule na kusema tu "akaitwa mara kadhaa", kuvunjika kwake hakutasikika.

Sasa tuulize: kwa nini Waebrania waliandika hivi? Jibu la kwanza ni kwamba waliandika kwa ajili ya masikio. Vitabu vyao vilikuwa magombo ya ngozi au ya mafunjo, vilivyonakiliwa kwa mkono, na watu wengi waliyapokea maneno yake kwa kusikia. Neno la Kiebrania lenye maana ya kusoma lina maana pia ya kuita kwa sauti, na hata leo Wayahudi huyaita maandiko yao kwa jina litokalo katika neno hilo. Msikilizaji hawezi kufunua ukurasa wa nyuma atazame tena alilosahau. Basi msemaji humrudishia mwenyewe. Ninyi mnaotusikiliza katika redio mwalijua jambo hili: neno likipita, limepita, na msemaji mwema hulirudia lile lililo kubwa ili lisipotee.

Tuje kwenye mashairi. Sisi wasemaji wa Kiswahili tumezoea shairi lenye vina na mizani, ambamo sauti ya mwisho wa kipande hufanana na sauti ya mwenzake, na silabi zimehesabiwa. Mashairi ya Waebrania hayana vina vya kudumu, wala hayahesabu silabi kama yetu. Kinachopatanishwa ni maana. Mstari hukatwa vipande viwili. Cha kwanza husema jambo, na cha pili hukijibu cha kwanza. Mtu aliyelieleza jambo hili hata likajulikana sana Ulaya ni Robert Lowth, aliyekuwa mwalimu wa mashairi katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Mafundisho yake yalichapishwa kwa Kilatini mwaka 1753. Yeye aliligawa jambo hili katika namna tatu, nasi tutazionyesha kwa mifano tuliyojitungia wenyewe, ili kila mtu wa Simiyu azielewe.

Namna ya kwanza, kipande cha pili hurudia maana ya kwanza kwa maneno mengine. Kwa mfano: mvua imeishukia nchi ya Ntuzu, matone yamelainisha udongo wa Bariadi. Namna ya pili, kipande cha pili husema kinyume: mwenye bidii huijaza ghala yake, mvivu huhesabu nguzo za ghala tupu. Namna ya tatu, kipande cha pili hakirudii wala hakipingi, bali huendeleza na kukamilisha: tuliwapeleka ng'ombe mto Simiyu, tukakuta mchanga mkavu.

Wataalamu waliofuata waliliongeza neno hili. James Kugel katika mwaka 1981, na Robert Alter katika mwaka 1985, walionyesha ya kuwa hata katika namna ile ya kwanza kipande cha pili hakisemi hasa kile kile. Kwa kawaida hukaza, hukaribia, au huongeza. Tazameni tena mfano wetu wa kwanza. Tulianza na mvua, tukaishia na matone. Tulianza na nchi nzima, tukaishia na udongo. Jicho limeshuka kutoka mawinguni mpaka shambani. Basi mtu asemaye kwamba kipande cha pili hakina kazi hakukitazama.

Desturi hii Waebrania hawakuianzisha peke yao. Tangu mwaka 1929 wachimbaji wa mambo ya kale walipata katika mji wa Ugarit, pwani ya Syria, vibao vya udongo vilivyoandikwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na mashairi yaliyomo yana vipande viwili viwili vinavyojibizana vivyo hivyo. Ulikuwa urithi wa majirani wengi wa nchi zile.

Tena iko faida kubwa hapa kwetu sisi tunaosoma kwa tafsiri. Vina vya sauti haviwezi kuvuka kutoka lugha moja kwenda nyingine. Mfasiri akilifasiri shairi la Kiswahili kwa lugha ya kigeni, vina vyake hufa njiani. Lakini maana mbili zinazojibizana huvuka salama. Kwa hiyo msomaji wa Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952, au wa Biblia ya Kisukuma, aweza kusikia sehemu kubwa ya mwendo ule ule uliosikiwa na Waebrania wenyewe.

Katika mashairi hayo kuna pia kiitikio. Zaburi ya 136 ina aya 26, na nusu ya pili ya kila aya ni ile ile, kuhusu fadhili zisizo na mwisho. Mtu akiisoma kimya kimya, peke yake, huona nusu hiyo kama mzigo. Lakini mtu aliyekwisha kuhudhuria ngoma za Usukuma baada ya mavuno, wakati Bagika na Bagalu wanaposhindana kuvuta watazamaji, hataona ajabu yo yote. Yeye anamjua ningi, yaani mtungaji na mwongozaji wa nyimbo. Ningi hutoa neno jipya, kundi huitikia neno la siku zote. Kundi likiitikia, ningi hupata pumzi, na watazamaji hupata nafasi ya kulitafakari neno lililotangulia. Kiitikio ndicho kinachowafanya watu mia wawe sauti moja. Mkikiondoa, hamjaufupisha wimbo. Mmewafukuza waitikiaji, akabaki mtu mmoja akisema peke yake.

Iko namna nyingine ya kurudia iliyojificha zaidi, nayo ni kulipanda neno moja katika mahali pengi. Kiebrania ni ndugu wa Kiarabu, na katika lugha hizo maneno mengi hujengwa juu ya mzizi wa konsonanti tatu. Sisi tumepokea kutoka Kiarabu maneno kitabu, katibu na maktaba, na mwenye sikio husikia ndani yake mzizi mmoja wa kuandika. Mwandishi wa Kiebrania huuchukua mzizi kama huo akaupanda hapa na pale katika kisa, nao humwongoza msikilizaji.

Tutazame kitabu cha Yona, ambacho kina sura 4 tu na aya 48. Yona ametumwa Ninawi naye anakimbia. Kiebrania chatumia neno la kushuka: anashuka mpaka Yafa, anashuka ndani ya merikebu, anashuka mpaka pande za chini za merikebu, na katika sala yake ndani ya samaki asema kwamba alishuka mpaka kwenye misingi ya milima. Mara nne neno ni lile lile. Mwandishi hasemi ya kuwa kumkimbia Mungu ni kuteremka ngazi. Yeye aziweka daraja nne, nasi twateremka pamoja na Yona.

Hapo ndipo kazi ya mfasiri huwa ngumu. Kwa Kiswahili sanifu mtu hupanda merikebu, hashuki ndani yake. Mfasiri akiandika ya kwamba Yona alikwenda Yafa, akapanda merikebuni, akaingia chini akalala, atakuwa ameandika Kiswahili kizuri, lakini ngazi imevunjika. Wafasiri wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 walisema wazi katika utangulizi wao kwamba hawakujifunga kutumia neno moja kwa neno moja. Kinyume chao, Martin Buber na Franz Rosenzweig, Wayahudi wa Ujerumani, walianza mwaka 1925 kuyafasiri maandiko kwa Kijerumani, wakijitahidi kuuwekea kila mzizi wa Kiebrania neno lake moja, ili marudio yasikike. Rosenzweig alifariki mwaka 1929, na Buber aliimaliza kazi hiyo mwaka 1961. Njia zote mbili zina gharama: ya kwanza hupoteza mwangwi, ya pili hupoteza ulaini wa lugha.

Huenda mtu akauliza, Je, kila marudio ni ufundi? Hapana, nasi hatutaki kuwadanganya. Katika mwaka ule ule wa 1753 ambao Lowth alitoa kitabu chake, tabibu mmoja Mfaransa, Jean Astruc, alitoa kitabu bila kutia jina lake. Yeye aliona ya kuwa katika Mwanzo habari nyingine zimesemwa mara mbili, na kwamba Mungu hutajwa kwa majina tofauti, akahukumu ya kuwa Musa alikuwa na maandiko ya zamani zaidi mbele yake, akayaunganisha. Tangu hapo wataalamu wengi wameyatazama marudio kama mshono wa nguo, mahali ambapo vitambaa viwili vimekutana. Wengine huyatazama kama nakshi. Sisi twaona ya kuwa nguo moja yaweza kuwa na mshono na nakshi pia, na ya kuwa fundi hodari hupitisha nakshi yake juu ya mshono. Lakini atakaye kuujua mshono na atakaye kuijua nakshi, wote wawili wanahitaji nguo nzima, isiyokatwa.

Tumalizie na mfano unaoonyesha jinsi utaratibu wa namna hii ulivyo mlinzi. Alfabeti ya Kiebrania ina herufi 22, na mashairi mengine yamepangwa ili kila sehemu ianze na herufi inayofuata. Zaburi ya 119 ina mafungu 22, na kila fungu lina aya 8 zinazoanza na herufi moja. Ndiyo maana aya zake ni 176. Mpango huu humsaidia mwenye kukariri, tena humsaidia mwenye kulinda. Mfugaji wa Bariadi anayejua kwamba zizi lake lina ng'ombe 22 hana haja ya kuambiwa mmoja akipotea.

Basi Zaburi ya 145 imepangwa kwa alfabeti, lakini katika maandiko ya Kiebrania yaliyozoelekea aya zake ni 21. Herufi iitwayo nun haina aya. Tafsiri ya kale ya Kigiriki ilikuwa na aya ya ziada mahali pale, wala watu hawakujua kwa hakika ilitoka wapi. Mwaka 1947 wafugaji walipata magombo ya kale katika pango karibu na Bahari ya Chumvi, mahali paitwapo Qumran, na mwaka 1956 likapatikana pango la kumi na moja. Ndani yake mlikuwa na gombo la zaburi lililoandikwa katika karne ya kwanza baada ya Kristo, nalo lilichapishwa mwaka 1965. Katika gombo hilo Zaburi ya 145 inayo aya ya nun, kwa Kiebrania. Wataalamu hawajapatana wote kama aya hiyo ndiyo ya asili iliyopotea au iliongezwa na mtu aliyeliona pengo. Lakini pengo lenyewe lisingeonekana kamwe kama shairi lisingekuwa na utaratibu.

Gombo hilo lina jambo jingine la kutufundisha. Baada ya kila aya ya Zaburi hiyo limeandikwa kiitikio kimoja, neno la kumhimidi Mungu, ambacho hakimo katika maandiko yaliyozoelekea. Mahali fulani, zamani sana, watu waliiimba Zaburi hii kwa kuitikiana. Kama mwandishi wa gombo lile angaliona uvivu, akafikiri, "Hili nimekwisha kuliandika, halina haja kurudiwa," sisi tusingalijua hata leo.

Kwa sababu hiyo twawaomba wanafunzi wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, na popote pengine mnapotusikiliza, neno moja. Mnapotumwa na walimu wenu kuandika hadithi na nyimbo za babu na bibi zenu, msikate. Bibi akisema jambo mara tatu, liandikeni mara tatu. Waimbaji wakiitikia mara kumi, onyesheni katika daftari kwamba ni mara kumi. Msiseme, "Anarudia yale yale." Andikeni kwanza, kisha wekeni la kwanza kando ya la pili mkatazame, kama yule bibi alivyotufundisha jioni ile. Huenda mkaona tofauti ambayo mzee mwenyewe aliiweka makusudi, akingoja mtu mwenye masikio aitambue.